Koti Lililogeuzwa

Makwapa ya lile koti hayakukauka.

Lilikuwa limetundikwa karibu na jiko tangu Jumapili, katika kibanda cha Mzee Cloquet muuza mitumba, chini ya nguzo za soko la Halles, na kila asubuhi Perrine alipopitisha mkono ndani yake alikuta majimaji. Haukuwa unyevu wa Paris. Unyevu wa Paris aliujua, alizaliwa nao. Haya yalikuwa ya moto. Yalinata vidoleni kama ute wa yai, na aliponusa alisikia mtu: mtu mnene, mla nyama, asiyeoga, aliyejimwagia manukato ya miski na zabadi juu ya uchafu wake kama mpishi mbaya anayemwaga viungo juu ya samaki aliyeoza.

"Baba, hili koti linatoka jasho."

"Koti halina ngozi, litatokaje jasho?" Mzee Cloquet hakuinua hata kichwa. "Ni hewa ya makaburini. Hata maziwa hayamalizi siku huku."

Kuhusu maziwa hakusema uongo. Kibanda kilipakana na makaburi ya Innocents, ambako wafu walirundikwa hata ardhi ikapanda juu ya barabara kama unga uliotiwa hamira. Watu walinunua kabichi pale, wakajaribu kofia, wakabembeleza wachumba, pua zimebanwa. Ukikaa sana mahali, uvundo nao unakuwa jirani, unausalimia.

Koti lililetwa na Lubin, mtumishi wa chumbani wa marehemu Bwana de Courvaille. Ndiyo desturi ya wakubwa: bwana akifa, nguo zake ni za mtumishi wake, na mtumishi huzikimbiza kwa wauza mitumba kabla mishumaa ya mazishi haijazimwa. Lakini Lubin hakuvutana bei. Alilishika kwa ncha za vidole, mkono mbali na mwili, kama mtu anayebeba panya mfu kwa mkia.

"Alilipenda mno," alisema. "Alikula nalo, alilala nalo. Kasisi alipokuja kumpaka mafuta ya mwisho viganjani, alivuta mikono akaificha ndani ya pindo za mikono ya koti. Akafa hivyo hivyo."

"Akafa bila mafuta?" Perrine akauliza.

"Mafuta alikuwa nayo mengi, dada. Ila si ya kanisani." Lubin alicheka peke yake, kisha akaondoka bila kuaga.

Mzee Cloquet alilikunjua, akalipiga kofi, vumbi la unga wa wigi likaruka. Lilikuwa koti la kwenda ikulu hasa: sufu nzito rangi ya divai, limebana kiunoni, limefunguka chini kwa marinda, pindo za mikono pana kiasi cha kulala paka, na vifungo kuanzia shingoni hadi magotini. Hapo hapo akafanya alichofanya kwa kila koti maisha yake yote. Alishika ncha ya mkono wa koti, akaupiga mkupuo mmoja, mkono mzima ukageuka ndani nje. "Onyesha bitana," ndivyo kila mteja anavyosema pale chini ya nguzo, na Mzee Cloquet alijisifu kwamba hakuna mtu Paris anayeonyesha bitana upesi kama yeye. Akilala mkono wake ulikuwa unarukaruka peke yake.

Bitana ilikuwa hariri, imefanya utando wa manjano kama ngozi.

"Hili haliuzwi," alisema. "Hili ni la mkwe wangu msomi."

Mkwe huyo, Mathurin Gaudry, mume wa Perrine, alikuwa na digrii ya sheria. Alikuwa nayo kweli, ina muhuri mwekundu, imeviringwa ndani ya soksi juu ya kabati ili panya wasiitafune. Walimwambia soma kijana, akasoma. Alikula mkate wa shayiri na kulala na viatu kwa baridi, akasoma, na alipomaliza akakuta nafasi zote zimekwisha kurithiwa na wapumbavu waliozaliwa mahali pazuri. Sasa alikaa kwenye ukumbi wa makaburini, mafuvu yamepangwa juu ya kichwa chake kama nazi dukani, akiwaandikia vijakazi barua za mapenzi kwa vijisenti. Akipatwa na wasiwasi alinong'ona neno la kwanza alilofundishwa kwa fimbo, neno meza, akilinyambua kwa Kilatini: mensa, mensae, mensam. Mzee Cloquet alikuwa na utani wake hapo. "Mkwe wangu anaijua meza kwa sura zake zote. Iko siku ataniletea moja yenye chakula."

Perrine hakucheka utani ule. Alimpenda mume wake, mwembamba vile, mwenye wino kwenye kucha za mkono wa kulia na kovu dogo juu ya jicho la kulia, kovu la fimbo ya mwalimu. Usiku alilala sikio limewekwa kifuani pake, upande wa kushoto, akisikiliza moyo kama wengine wanavyosikiliza mvua.

Sasa ikawa bahati imewakumbuka. Mtukufu de Brézolles alikuwa anatafuta mwandishi wa nyumbani, na mtu alimtajia jina la Mathurin. Aende Alhamisi. Ila mlinda lango la mtukufu hajui Kilatini. Anajua makoti. Katika mji ule ni koti ndilo linaloitwa ndani na kukaribishwa kiti. Mtu aliyemo ni bitana tu.

Na koti la Courvaille uso wake ulikuwa umekwisha. Kila kilichomponyoka marehemu mdomoni kilikuwa pale kifuani: mchuzi, ugoro, mafuta ya bata, kitu cha kijani kilichokwisha kuwa kigumu. Kulifua haiwezekani, kwanza nani anafua koti la sufu, na pili Paris ile iliogopa maji kuliko tauni. Dawa ya koti la namna hiyo ni moja, na wauza mitumba wote waliijua: kuligeuza. Unafumua mishono yote, unakigeuza kitambaa, uso mchafu unakuwa ndani, mgongo safi ambao haujawahi kuona jua unakuwa nje, unashona upya. Limezaliwa. Kinachoweza kukuumbua ni matundu ya vifungo tu. Koti la mwanamume lina matundu upande wa kushoto. Likigeuzwa yanahamia kulia, na mvaaji atafunga vifungo kwa mkono asiouzoea.

"Wakubwa hawatazami matundu," Mzee Cloquet alisema. "Geuza."

Perrine akafumua. Kwenye marinda, mahali ambapo fundi hujaza manyoya ya farasi ili yasimame, alikuta nywele ambazo farasi hana: za mvi, za kujiviringa, zimeshikamana na magamba meupe ya kichwa. Alitaka kuzitupa, akaona zimemviringa kidole. Alizikata kwa meno, akajuta mara moja, kwa sababu ladha yake ilikaa ulimini hadi jioni, mafuta na chumvi na kitu kama jibini la miguuni. Alitema, akasukutua kwa siki. Kisha akageuza kitambaa, akashona, na mwisho wa kila mshono akafunga fundo lake, mizunguko mitatu na kichwa kimefichwa, fundo ambalo mama yake alimfundisha na ambalo hakuna mwingine pale Halles aliyelifunga.

Alhamisi Mathurin alilivaa. Lilimkaa kama lilikatwa mwilini pake.

"Vipi?" Perrine akauliza.

Mathurin alisita. "Lina joto. Kama kiti ambacho mtu ametoka kukikalia sasa hivi."

"Ni jiko."

"Eti jiko." Alihangaika na vifungo kwa mkono wa kushoto, midomo ikicheza: mensa, mensae, mensam. Halafu vidole vikapata njia. Vikafunga vifungo vyote, upesi, bila yeye kutazama, na midomo ikanyamaza.

Alirudi mchana na kicheko. Mlinda lango aliinama hadi magotini. Mtukufu mwenyewe alimgusa bega. Arudi Jumatatu, kazi iko karibu sana. Mzee Cloquet akachinja bata, na Mathurin, ambaye siku zote alikula kama anaomba radhi, alilishika paja la bata kwa mikono miwili akalitafuna hadi mfupa ukalia, mafuta yakateremka kidevuni, shingoni, ndani ya ukosi, na alipomaliza alinyoosha mkono bila kutazama akajifuta kwenye aproni ya mke wake, kama mtu anayejifutia kwa mbwa wake.

"Vua koti, mume wangu, utalichafua."

"Baadaye, binti."

Hakuwa amewahi kumwita binti.

Baadaye haikufika. Alilala nalo Alhamisi, akalala nalo Ijumaa. Kufikia Jumamosi chumba chote, juu ya kibanda, kilikuwa na harufu ambayo hata jirani aliyezoea makaburi alikuja kuilalamikia: miski, zabadi, bata, na chini yake, ikipanda polepole kama maji machafu yanavyopanda kwenye mtaro, harufu ya mgonjwa aliyelala chali kwa muda mrefu. Makwapa yalichuruzika. Chini ya kiti alichokalia palikuwa na kidimbwi cha manjano, na nzi, Januari yote ile na barafu yake, nzi walitoka sijui wapi wakaja kunywa. Mikono yake haikuonekana tena. Aliivuta ndani ya zile pindo pana, akila kwa kuinamia sahani. Mzee Cloquet alipomwita mkwe alitazamwa juu hadi chini, kisha sauti nene, yenye kohozi, ikasema, "Huyu mzee anayenuka ni nani?"

Mzee Cloquet alimvuta binti yake kwenye ngazi. "Ni kiburi," alinong'ona. "Atapata kazi, kiburi kitatulia."

"Baba, hakusema meza hata mara moja."

"Unataka arudi kuandikia vijakazi?"

"Nataka arudi."

Aliingia chumbani akapiga magoti mbele ya mumewe, akashika kifungo cha juu. Hakikutoka. Akainama atazame, na alichokiona kilimfanya aende dirishani akatapike kwanza, ndipo arudi kuhakikisha: matundu ya vifungo, yale aliyoyashona upya kwa uzi wa hariri mmoja mmoja, yalikuwa yamefumba, yameota nyama changa ya waridi yenye kung'aa, yamekaba kila kifungo shingoni, kama kidonda kinavyofunga mwiba usiotolewa, na alipogusa moja kwa ncha ya ukucha lilisinyaa, na mahali fulani mbali sana, nyuma ya ile sauti nene iliyoanza kumtukana, alisikia mumewe analia.

Ndipo alipokwenda kumwita Toinon.

Toinon alikuwa mwosha maiti wa mtaa. Makasisi walimchukia na walimtumia. Alifika Jumapili mchana, watu wakiwa kanisani, kipande cha utumbo wa ng'ombe mkononi, akila. Aliendelea kukila huku akimzunguka Mathurin, akinusa.

"Huyu namjua," alisema. "Nilimwosha mimi. Tulipomvua, ngozi ya mgongo haikuja naye. Ilibaki humu." Alilipapasa koti kama anapapasa ng'ombe sokoni. "Mlifanya nini nalo?"

"Tuliligeuza," Perrine akajibu.

Toinon aliacha kutafuna. "Mngelivaa vile vile, na uchafu wake, lingewatia chawa tu. Uso wa kitambaa ndio uso wake. Alikuwa anatazama nje, anatazamwa na watu, anafurahi. Ninyi mkamgeuza, mkampa mtu wa kumtazama."

"Anatolewaje?"

"Kwa mkono uliomtia. Fumua mshono mmoja mmoja, fundo kwa fundo. Usikate kitambaa, kinatoka damu, na damu ni ya mumeo. Yule marehemu akisema, usimjibu." Kisha akamgeukia Mzee Cloquet. "Wewe shika mkono wa koti na usifanye kitu. Kipande kikilegea, kitatelezeshwa polepole, kikiwa upande huu huu. Msikichomoe ndani nje, kama mchuna sungura. Koti likigeuka mkweo akiwa ndani, naye anageuka."

"Nitashika tu," Mzee Cloquet akasema.

Perrine alianza mgongoni. Kila fundo alilolifungua lilitoa tone la usaha, kila mshono ulipoachana ulitoa mlio wa midomo inayoachana, na kutoka ndani ikapanda pumzi ya moto iliyonuka kila karamu aliyopata kula yule marehemu, miaka yote ya bata na chaza na divai iliyochacha, ikaingia puani na mdomoni na machoni, lakini hakuinua mkono kujifuta kwa sababu mkono ulikuwa na kazi. Ile sauti ilimwita malaya. Ilimwita mpenzi. Ilimwambia Jumatatu iko kesho, nyumba ya ghorofa, mkaa wa kutosha, meza yenye chakula, ni nani atakayeajiri kile kijana kikavu bila mimi. Hakujibu. Upande wa kushoto ulitoka, Toinon aliutelezesha polepole, na chini yake palikuwa na shati lililooza na bega jekundu kama la mtoto mchanga, na Mathurin kwa mdomo wake mwenyewe, kwa sauti yake nyembamba, akasema, "Mensa."

Perrine alilia, akaendelea. Ukabaki mshono wa bega la kulia, kisha fundo la mwisho. Mzee Cloquet alishika ncha ya ule mkono wa koti kama alivyoambiwa, amefumba macho, jasho linamtoka. Perrine aliingiza ncha ya kisu chini ya fundo.

Ndipo ile sauti ikaacha matusi. Ikasema taratibu, kwa adabu, kwa uchovu kidogo, kama mteja yeyote wa siku yoyote chini ya nguzo:

"Hebu onyesha bitana, mzee."

Na mkono wa Mzee Cloquet ukaonyesha bitana.

Hakukusudia. Aliapa hivyo hadi anakufa. Ulikuwa mkupuo mmoja tu, ule ule wa siku zote, na mkono wa koti ukachomoka ndani nje kwa mlio wa ngozi ya sungura, na Mathurin akaanguka kifudifudi sakafuni, shati limetoka na koti, uchi hadi kiunoni, analowa.

Toinon alimtazama mzee, akatazama kipande cha nguo mkononi mwake. Alifuta vidole kwenye sketi, akachukua utumbo wake mezani. "Mimi naosha waliokufa," alisema, akashuka ngazi.

Walichoma vipande vyote jikoni, hadi kifungo cha mwisho. Moshi ulinukia nyama choma, na majirani waliotoka kanisani walichungulia mlangoni kuuliza leo wanapika nini.

Jumatatu Mathurin aliamka mzima. Aliomba siki na kitambaa, akajisugua, akavaa koti jingine la kibandani, la kawaida, akaenda kwa mtukufu na akarudi na kazi. Hakuwa na joto wala kohozi. Harufu ilikuwa imekwisha. Alimwinamia Mzee Cloquet kwa heshima, na mzee akampiga mgongo, akacheka kwa nafuu. "Unaona, binti yangu? Toinon alitutisha bure. Mkwe wangu ni mwandishi wa mtukufu."

Wakaketi kula. Mathurin alichukua kijiko kwa mkono wa kushoto.

Perrine aliutazama ule mkono. Kwenye kucha zake, zile za kushoto, palikuwa na wino. Akainua macho usoni pake. Kovu la fimbo lilikuwa juu ya jicho la kushoto.

Alisubiri hadi baba yake ashuke kwa wateja, akamwendea mumewe dirishani, akamkumbatia kama mke anavyomkumbatia mume aliyepata kazi, na akaweka sikio kifuani pake, upande wa kushoto, mahali pake pa siku zote. Hapakuwa na kitu. Akahamisha sikio kulia. Moyo ulikuwa huko, unapiga polepole, moyo wa mtu aliyeshiba. Akarudi kushoto, akakaza sikio mbavuni hadi likauma, na huko ndani kabisa, kama mtu aliyefungiwa gunia juu ya kichwa, kama mtu anayepiga kelele chini ya magodoro mengi, akasikia kinong'ono kinachorudia, kinarudia, kinarudia: mensa, mensae, mensam.

"Unasikiliza nini, binti?" mwanamume akauliza juu ya kichwa chake.

"Tumbo lako, bwana."

"Basi lina njaa."

"Nitakuletea," Perrine akasema, lakini hakuondoka. Mkono wake ulikuwa umeingia chini ya shati, unampapasa mgongoni kwa mapenzi, unapanda taratibu kufuata uti wa mgongo, pingili kwa pingili, hadi chini ya kisogo. Hapo, chini ya ngozi, kidole chake kilikuta kitu kidogo kigumu, mizunguko mitatu, kichwa kimefichwa.

Kwa mkono wa pili akaanza kutafuta kisu.